Melania na Kofia ya Mpishi

Tulimwacha Melania na kijiko mkononi, mchuzi wa kuku ukitona sakafuni. Wiki nzima kijiko kile hakikupanda wala hakikushuka. Leo ni lazima kiende mahali.

Aliyeingia kwa mlango wa nyuma alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alisema Melania. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto aliyekutwa kwenye chungu cha maziwa.

"Marahaba." Bi Nyamizi alikaza khanga yake kiunoni, akasimama kando ya magunia ya mkaa. "Endelea na kazi yako. Mimi nimekuja kutazama."

Nyuma yake alisimama Herman, meno yote nje.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia sukari, tuseme kwa ufupi. Hoteli hii iko karibu na stesheni ya Shinyanga, na mwenyewe ni Mgiriki, Bwana Stavro. Mpishi wake wa zamani ameacha kazi, na kofia yake ndefu nyeupe imetundikwa msumarini haina kichwa. Wanaoitaka ni wawili. Mmoja ni Herman, aliyekuwa msaidizi wake. Wa pili ni Melania, mjane kutoka Uzinza, aliyeajiriwa kuosha masufuria. Yule mpishi wa zamani alipokuwa akilala usingizi wa pombe, Melania alikuwa akipika, na sifa zikienda kwa aliyelala.

Melania alipoiomba kofia, Bwana Stavro alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema mbele ya wote: "Haya, baada ya siku tatu pika wewe kwa wageni wa mchana. Nikipenda, vaa kofia. Nisipopenda, rudi kwa sufuria, na Herman navaa."

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake pia. Chakula hakikupita dirisha la ukumbini mpaka mpishi amekionja mbele ya Bwana Stavro. Ilianza siku mgeni mmoja wa serikali alipoletewa pudini ya chumvi.

Sasa tuje kwa kuku. Kwao Melania, siku zile, mwanamke alimfuga kuku, akamnyonyoa, akampika, akampakua. Kumla, hapana. Kuku na mayai vilikuwa vya wanaume. Mke aliyeonekana akitafuna kuku alirudishwa kwao, na mtoto akabaki kwa mume. Na mtoto wa Melania, Klara, alikuwa akilelewa na huyu huyu Bi Nyamizi.

Herman alikuwa wa ukoo wa marehemu mume wa Melania. Mila yote hiyo aliinyonya pamoja na maziwa. Ndiyo maana alimfuata bibi kizee kwao, upande wa Kharumwa, akampandisha lori la pamba na kumleta asimame hapo alipo sasa.

"Onja basi, shemeji," alisema Herman taratibu. "Wageni wanangoja."

Melania alikitazama kijiko.

"Au sheria ya hoteli imebadilika?"

"Sheria bado," alisema Bwana Stavro kutoka upande wa pili wa dirisha. Ndevu zake zilikuwa zimelowa jasho. "Onja, mama. Treni naleta watu, watu naleta njaa. Nini wewe natazama kijiko kama dawa?"

Maganga, mhudumu wa ukumbini, alikuwa karibu na dirisha na sinia lake, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ulikuwa na miiba.

"Mayu," alimwambia Melania kwa Kisukuma chake cha heshima, "wewe ukivaa kofia ile, kesho sisi mtatuvalisha khanga. Mwachie mwenzio yaishe."

"Nimwachie nini?"

"Kofia. Kichwa chenyewe kina nywele, kofia ya nini?"

Herman alisogea akanyoosha mkono. "Lete kijiko, shemeji. Mila ni mila. Nitakuonjea mimi." Akamgeukia Bwana Stavro. "Ila, Bwana, anayeonja ndiye mpishi. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

Hapo Melania akauona mtego wote, mwanzo wake hadi mwisho. Asipoonja, kofia imekwenda. Akionja, Klara amekwenda.

Alimtazama mama mkwe wake. Uso wa bibi ulikuwa umefungwa kama mlango wa ghala.

Melania alikipeleka kijiko kinywani.

Kisha macho yakamtoka.

Chumvi. Si chumvi iliyozidi kidogo kwa bahati mbaya. Ilikuwa chumvi ya kukausha ngozi ya ng'ombe. Ulimi ulimkunjamana. Alikuwa ameutia chumvi mchuzi ule kwa mkono wake, kidogo, akaonja kwa siri nyuma ya mlango, ukawa sawasawa. Baada ya hapo alitoka mara moja tu, kufuata kuni.

"Vipi?" aliuliza Herman. "Tamu?"

Melania alikirudisha kijiko mezani. "Kuku huyu haendi mezani."

"Nini?" Bwana Stavro aliingiza kichwa kizima dirishani.

"Ana chumvi, Bwana. Hafai."

"Umesikia, Bwana?" Herman aliinua mikono kama mtu anayesikitika msibani. "Kapika mwenyewe, kaharibu mwenyewe, na kuku kala. Hana kofia, na kwao hana. Mimi nilimwonya. Jiko hili si jiko la mafiga."

Bwana Stavro aliutazama ule msumari wa kofia. Mkono wake ulianza kunyanyuka.

"Nipe hicho kijiko," alisema Bi Nyamizi.

Kila mtu aligeuka.

"Mama," Herman alisema, "huyo ni kuku."

"Namjua kuku. Nimempika kabla mama yako hajaolewa. Nipe kijiko."

Melania alimpa. Bibi kizee alichota mchuzi, akaupuliza, akautia mdomoni bila haraka mbele ya wanaume watatu. Akatema kwenye majivu.

"Chumvi gani hii," alisema.

Rangi ya Herman ilibadilika. "Mama, umekula kuku. Mbele yangu. Mimi ni mwanaume wa ukoo."

"Nimeonja. Hivi wewe, kuku aliyeliwa na baba yako, na wajomba zako, na babu yako aliyekuwa mkali kama siafu, chumvi yake tuliipima kwa macho?" Bibi alikohoa kidogo. Ilikuwa kama kicheko. "Tulionja, baba. Nyuma ya nyumba, sote, mama yako akiwamo. Tukafuta midomo, tukawaletea, mkala, mkasifu. Ulidhani kuku anajitia chumvi?"

Maganga alipeleka sinia mbele ya uso wake. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Bibi alimgeukia Melania. "Na wewe, Mama Klara. Kosa lako ni kuonja mlango ukiwa wazi. Lakini hii chumvi si yako. Mimi ndiye niliyekufundisha, mkono wako naujua."

"Si yangu, mama."

"Najua si yako. Nilimwona aliyeitia."

Hata moto ulionekana kusikiliza.

"Nilikuwa nimekaa pale nje, kwenye gogo, mlango ukiwa wazi, nawe hukuniona," alisema Bi Nyamizi. "Wewe ukatoka kwenda kwenye kuni. Huyu akaingia, akafunua chungu, akatia chumvi kwa kiganja. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nikajisemea, wapishi wa Wazungu wana mkono mzito. Sikusema neno."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nitasemaje? Aliniambia yeye ndiye mpishi mkubwa hapa. Mwenye suruali anatia chumvi kwenye chungu cha Mzungu, mimi mwanamke wa shamba nimzuie? Wewe nilikuona na ufagio. Nikajua wewe unafagia na yeye anapika."

Kosa hilo, msomaji, lilikuwa la bibi kizee, lakini angelifanya yeyote katika nchi nzima.

"Uongo wa kizee," alisema Herman. Lakini alisema akitazama mlango.

Bwana Stavro alipiga dirisha kwa kiganja. "Mimi hapana taka shauri. Shauri peleka kwa baraza. Mimi nataka kuku. Bwana wa mgodi nakaa mezani, yeye nakula mkate tupu sasa. Nani natoa kuku?"

"Mimi," alisema Melania.

Mkono wake ulikuwa umekwisha ingia kazini kabla ya mdomo. Aliwatoa kuku kwenye mchuzi, akawasuuza kwa maji ya moto, mchuzi akaumwaga nje. Bi Nyamizi alikuwa amekwisha kaa chini na kinu, anatwanga karanga bila kuambiwa. Nyanya, karanga, maziwa yaliyochemka. Chumvi, hata chembe. Iliyobaki ndani ya nyama ilitosha mchuzi wote.

Herman alisimama kwenye kona akipasua njiti za kiberiti moja moja.

Melania alionja. Mara hii mlango ulikuwa wazi, dirisha wazi, na wanaume wote wakitazama.

"Peleka," alimwambia Maganga.

Maganga alikwenda. Wakangoja. Ukumbini kulisikika visu na uma, halafu uma tu, halafu hata uma haukusikika. Maganga alirudi na sinia la mifupa.

"Mayu," alisema, na safari hii mzaha ulikuwa umemkauka, "wanaomba tena. Yule bwana wa mgodi anafuta sahani kwa mkate kama mtu wa kwetu."

Melania alikaa juu ya debe. Aliitazama kofia pale msumarini, na kwa mara ya kwanza aliitazama kama kitu chake.

Mlango wa ukumbini ulifunguka. Bwana Stavro aliingia uso ukiwaka kwa furaha.

"Nzuri. Nzuri sana. Bwana yule nataka leta watu wake kulala hapa msimu wote. Nasema, kwanza yeye nataka ona mpishi." Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari, akaitoa kofia, akaipuliza vumbi.

Melania alisimama.

Bwana Stavro alimpita, akaiweka kofia kichwani mwa Herman.

"Bwana," alisema Melania. "Ulisema nini siku ile?"

"Nasema nini, nasema nini." Bwana Stavro hakumtazama usoni. "Wewe napika vizuri. Wewe tapika kila siku, mimi hapana kataa. Lakini mwanamke kutoka pori, pale mbele ya wageni? Watu tasema nini kwa hoteli yangu? Kila mtu najua mwanamke wa hoteli ni mwanamke gani. Wewe napika, Herman naonekana. Wote napata kazi. Shauri kwisha."

"Huyu aliyetia chumvi?"

"Chumvi kwisha."

Herman aliinyoosha kofia kwa vidole viwili. Alipita karibu na Melania akanong'ona: "Karanga zilikuwa wazo zuri, shemeji. Nitawaambia ni mapishi yangu."

Wakaondoka. Mlango ukajifunga nyuma yao, ukapepea mara mbili, ukatulia.

"Kaa," alisema Bi Nyamizi. "Umepata kupika. Ni kitu."

"Kupika nilikuwa nako, mama. Nimepika mwaka mzima nikiitwa mwoshaji."

"Utakwenda wapi sasa? Mle ndani ni kwa Wazungu."

"Mle ndani nimepiga deki kila asubuhi kwa magoti. Njia naijua."

Melania alikinyakua kijiko chake. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia ukumbini, miguu mitupu, aproni imejaa nyanya.

Meza zote zilimgeukia. Pale kati alikaa bwana wa mgodi, Mwingereza mwekundu wa jua, mwenye kamgodi kake ka dhahabu huko upande wa Geita. Herman alikuwa amesimama mbele yake, kofia wima, mikono nyuma, akipokea sifa.

"Kuku yule ni wangu, bwana," alisema Melania. Sauti haikutetemeka. "Nimempika mimi na nimemwonja mimi. Mpishi wa hoteli hii ni mimi."

Kikohozi kilitoka kwenye meza ya wanunuzi wa pamba.

Bwana Stavro alicheka haraka. "Huyu nasafisha sufuria. Kichwa kidogo iko mbovu. Jua kali."

Bwana wa mgodi hakucheka. Alimtazama Melania, akamtazama Herman. "Wewe," alimwambia Herman kwa Kiswahili kilichonyooka kidogo kuliko cha Mgiriki. "Mwanamke huyu ni nani? Anasema kweli?"

Herman alikuwa mwongo, lakini hakuwa mjinga. Aliona macho yote yamemwelekea. Aliona ile aproni yenye nyanya, na yake safi. Kukataa kulikuwa hatari. Kukubali kulikuwa hatari zaidi. Basi alifanya jambo ambalo hata Maganga, aliyemjua miaka, hakulitazamia.

Alitabasamu.

"Anasema kweli, bwana. Amepika yeye. Ni mke wangu."

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Ah, mkewe. Vichwa vilitikisika, uma zikashikwa tena. Mke amepika, mume amesimamia, jambo la kawaida. Bwana Stavro alipiga makofi kwa nafuu. "Ndiyo, mke yake. Mimi nasahau sema."

"Mimi si mke wake," alisema Melania.

"Ni mjane wa ndugu yangu," Herman aliendelea kwa upole, kama padre. "Kwetu mjane haachwi njiani. Anachukuliwa na ndugu. Kama bwana hasadiki, yule pale mlangoni ni mama mkwe wake. Nimemleta kwa shughuli hiyo hiyo. Muulizeni."

Melania aligeuka. Bi Nyamizi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, unga wa karanga mikononi.

"Mama," alisema Melania. "Waambie."

Bibi kizee alijifuta unga mikononi.

"Mama."

"Ng'ombe wake wamo zizini kwangu," alisema Bi Nyamizi, macho chini.

Melania alihisi sakafu inakwenda. Mwanamke huyu aliyemtwangia karanga, aliyeonja kuku mbele ya wanaume kwa ajili yake, alikuwa amekwisha mwoza.

"Umenioza kwa huyu?"

"Alikuja akasema, mimi ndiye mpishi mkubwa wa Shinyanga, Melania ananifagilia, nitamtunza. Nikaona vyema. Nimezeeka, mwanangu, na Klara mdogo. Nikawapokea ng'ombe wa mpishi." Kisha bibi aliinua kichwa, akamtazama Herman moja kwa moja. "Lakini leo nimemwona mpishi, na si wewe. Njoo uwachukue ng'ombe wako."

Maganga alikohoa "eee" ya kukubali kabla hajajizuia.

Herman hakutikisika. "Wote, mama?"

"Wote."

"Na yule dume mwekundu?"

Midomo ya bibi ilicheza.

"Mlimchinja au hamkumchinja?"

"Tulimchinja."

"Mkamla?"

"Wazee wa ukoo walikuja. Wakamla."

Wazungu pale mezani hawakuelewa kitu. Maganga alielewa, na sinia likamlegea mkononi. Ng'ombe aliye hai hurudishwa, na mambo yakavunjika kwa amani. Ng'ombe aliyeliwa na wazee hana wa kumrudisha. Mwanamke ambaye ng'ombe wake ameliwa ni mke wa mtu, apende asipende, na baraza lolote la nchi ile lingesema hivyo hivyo.

"Basi," alisema Herman. Akamshika Melania mkono, ule ule wenye kijiko. "Bwana wa mgodi, mimi na mke wangu tuko tayari hata kwenda Geita kukupikia. Atapika yeye, nitasimamia mimi."

"Geita?" Bwana Stavro aliruka. "Hapana, hapana. Mpishi ni wangu."

"Nalipenda wazo hilo," alisema bwana wa mgodi, akifuta masharubu. "Gari langu liko nje. Mume na mke. Safi."

Wanaume watatu wakaanza kuvutana juu yake, huku mmoja amemshika. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

"Herman," alisema Melania kwa sauti ndogo. "Niachie. Pudini iko ndani ya jiko, inaungua."

Herman alinusa. Ni kweli kulikuwa na harufu. Akaachia; mume mwenye busara hamwachi mke aunguze pudini ya wageni.

Melania aliingia jikoni, akampita mama mkwe wake, akamwacha upande wa ukumbini. Mlango wa ukumbini ukafungwa. Komeo likaanguka. Mlango wa nyuma ukafungwa, na gunia la mkaa likasikika likiburutwa. Mwisho likafungwa dirisha, likabaki wazi upana wa kiganja.

Bwana Stavro alilikimbilia. "Wewe nafanya nini? Fungua. Bado pudini, bado kahawa. Jioni treni nakuja kutoka Mwanza, watu tele."

"Najua, Bwana. Nyama yao ninayo hapa. Na unga, na jiko, na moto." Melania aliinama, macho yake yakaonekana katika ule mwanya. "Anayetaka kula humu aniite kwanza kwa kazi yangu, mbele ya watu, na kofia ipite dirishani. Mwoshaji hayupo. Mke wa Herman hayupo pia. Yule dume mwekundu waliyemla wazee, mwambieni mwenye ng'ombe akawadai wazee."

"Maganga," alifoka Bwana Stavro, "vunja mlango."

Maganga aliutazama mlango. Akautazama mshipi wake mwekundu. "Mimi kazi yangu sahani, Bwana. Milango sikuajiriwa."

Bwana wa mgodi alikuwa amesimama, kitambaa cha meza bado shingoni. Bwana Stavro alimtazama, akalitazama dirisha, akaitazama kofia. Mdomo ulimfunguka. Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi, treni yote ya njaa ya jioni ikiwa nyuma yake, na ulimi haujaamua.

Kofia yenyewe ilikuwa sakafuni. Herman alikuwa ameitupa hapo akitoka mbio. Sasa alikuwa nje, upande wa kuni, na wote waliokuwa ukumbini walisikia shoka likichomolewa kwenye gogo, kando ya mlango wa nyuma.